Kimya cha Darasani

Tangu mwaka 1967 watoto wa Tanzania Bara husoma shule za msingi kwa Kiswahili. Wafikapo sekondari hupokelewa kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu, katika taarifa yake ya mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kitumike huko pia, lakini jambo hilo halikutekelezwa. Sisi tuliopata kushika chaki twayajua matokeo yake. Tulimwuliza kijana mmoja kwa Kiingereza jinsi mmea ujitengenezeavyo chakula. Akainama kimya, tukamwandikia sifuri. Jioni, shambani, alitueleza kwa Kiswahili habari za jani, mwanga, hewa na maji, pasipo kukwama. Tuliona haya. Kiingereza na kifundishwe, tena vyema. Lakini upungufu wa lugha usihesabiwe kuwa upungufu wa akili.