Majengo Matano ya Nicodemus

Neno "mlowezi" halina sifa njema masikioni mwa wengi, kwani humaanisha aghalabu mtu aliyekuja kunyang'anya. Katika Kaunti ya Graham, jimbo la Kansas nchini Marekani, neno hilo lina sura nyingine. Ardhi ya huko nayo ilikuwa imewatoka wenyeji wa asili, lakini waliouanzisha mji wa Nicodemus mwaka 1877 walikuwa watu weusi wa Kentucky, wengi wao wakiwa wamezaliwa utumwani.

Walikuwa wameahidiwa neema. Takriban watu 300 waliowasili Septemba mwaka huo waliikuta mbuga tupu, isiyo na miti ya kutoa mbao. Ikawabidi kuchimba ardhi na kuishi humo. Willianna Hickman, aliyefika mwaka 1878, alisimulia baadaye jinsi alivyolia alipoonyeshwa moshi ukifuka kutoka ardhini, akaambiwa kuwa huo ndio mji wenyewe. Wapo waliokata tamaa wakarudi. Waliobaki yasemekana waliokolewa katika kipupwe cha kwanza na wawindaji wa Kiosage, waliowagawia chakula. Wenyeji waliopokonywa ndio waliomlisha mgeni.

Kutoka mashimoni wakapanda juu. Hoteli ya St. Francis ilijengwa mwaka 1881, kanisa la A.M.E. mwaka 1885, kanisa la Kibaptisti mwaka 1907, shule mwaka 1918 na ukumbi wa mji mwaka 1939. Mwenye macho huyasoma majengo hayo kama beti za utenzi mmoja: malazi, ibada, elimu na utawala. Mtumwa hakuruhusiwa kumiliki hata kimoja kati ya hivyo.

Mwaka 1888 reli ilipitishwa kusini mwa Mto Solomon, mbali na mji. Wafanyabiashara wakaifuata, na Nicodemus ikaanza kupungua. Hata hivyo haikufutika. Mwaka 1996 serikali ya Marekani iliitangaza kuwa turathi ya kitaifa, na kila mwaka, mwishoni mwa Julai, vizazi vya waasisi hurejea kutoka miji ya mbali kuadhimisha ukombozi.

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Watu hawa wameuishi ukweli wa methali hiyo. Babu zao walipewa uhuru kwa sheria. Wao huulinda kwa kurudi. Kuta tano zisizotembelewa na wenyewe zingekuwa mawe tu.