Usiulize Kama Ni Kijana ama Msichana, Uliza Presha Ni Ngapi

Wacha nianze na jambo ambalo litaudhi watu kidogo. Mjamzito akirudi kutoka kliniki, sisi wote tuna swali moja: mtoto ni kijana ama msichana? Hakuna anayeuliza presha ilikuwa ngapi. Na hiyo namba ndiyo yenye maneno.

Mnajua mimi si daktari. Niliacha chuo mwaka wa pili, nafanya video, na kwetu hiyo bado ni kesi. Lakini mwaka jana dada yangu mkubwa alipopata presha ya mimba, mimi ndiye niliyekuwa na nafasi. Mama alisema tu, "Wewe si huna shule? Kaa na dada yako." Nikakaa.

Dada anaishi huko Moiben. Wiki ya 26 presha yake ilikuwa 118/76, safi kabisa. Zahanati iliyo karibu naye mashine ya presha ilikuwa imekufa, kwa hivyo wiki ya 30 ilibidi apande gari aende mbali. Huko wakapata 148/96, wakarudia, haikushuka. Mkojo nao ulikuwa na protini. Na alikuwa anajisikia poa! Miguu ilikuwa imevimba kidogo tu, na wamama wa huko walishamwambia ni kawaida, ati tena ni dalili ya kijana.

Hapo ndipo wengi tunapotea. Madaktari huita hii hali priklampsia. Ukishapita wiki ya 20, presha ikifika 140/90 na irudie hapo hapo, na mkojo uwe na protini, tayari unayo, uumwe usiumwe. Ikifika 160/110 hiyo ni dharura. Ikiachwa inaweza kuleta kifafa cha mimba, kiharusi, ama kuharibu ini na figo, na mtoto tumboni anakosa damu ya kutosha.

Najua kuna mtu hapa Eldoret atasema hayo ni ya watu wasiofanya mazoezi. Huu ni mji wa wakimbiaji, kwa hivyo wacha tuongee kikimbiaji. Tori Bowie wa Marekani alikuwa bingwa wa dunia wa mita 100 London mwaka 2017. Mwaka 2023 alifariki nyumbani kwake akiwa na mimba ya karibu miezi minane, miaka 32 tu, na ripoti ya uchunguzi wa mwili ilitaja kifafa cha mimba kati ya mambo yanayoweza kuwa yalimuua. Allyson Felix, waliyeshinda naye dhahabu ya kupokezana vijiti Rio 2016, alipasuliwa kwa dharura mwaka 2018 mimba ikiwa wiki ya 32. Yeye pia ni priklampsia. Kama miguu ya hao haikuwakinga, yako ni nani?

Dada aliletwa mjini kwa rufaa, akalazwa siku tano. Wakampima damu, ini, figo, wakamfanyia skani kuona kama mtoto anakua. Presha iliposhuka kwa dawa, aliruhusiwa kwa masharti: arudi kliniki mara mbili kwa wiki, na apimwe asubuhi na jioni. Moiben angewezaje? Akahamia kwa bedsita yangu Huruma. Familia ikachanga mashine ya presha, na mimi nikawa nesi wa kitabu. Kila kipimo naandika: tarehe, saa, namba. Nilijifunza aketi kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono uwe usawa wa moyo, na hakuna kuongea.

Jioni moja wiki ya 33 ikasoma 168/112. Nikarudia: 170/110. Dada akasema kichwa kinamuuma "kidogo tu". Shemeji kwa simu akasema ni uchovu, tungoje asubuhi. Nikamwambia, "Shem, heshima yako, lakini hii namba haingoji." Tukaita teksi. Hospitalini alipewa dawa ya kushusha presha, magnesia ya kuzuia kifafa, na sindano ya kusaidia mapafu ya mtoto. Siku mbili baadaye akapasuliwa. Mtoto kilo 1.8. Akalala kifuani kwa mamake, ngozi kwa ngozi, wiki kadhaa. Leo anapiga kelele kuliko mimi.

Sasa maoni yangu. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linataka mjamzito aonwe angalau mara nane. Sawa. Lakini kati ya wiki ya 26 na ya 30 kuna siku 28, na presha haina kalenda. Hatari iko kwa hizo siku za katikati. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya wa kijamii 100,000, na kwa mkoba wao kulikuwa na mashine ya presha. Basi mjamzito mwenye hatari awe wa kwanza kwa orodha yao, si mpaka aitishe. Na zahanati isiyo na mashine inayofanya kazi isijiite kliniki ya wajawazito. Hiyo si siasa, ni hesabu ya betri.

Kwa upande wetu, jamaa wa nyumbani: kichwa kisichoacha kuuma, macho kuona ukungu ama vimulimuli, maumivu chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla, kukosa pumzi, ama mtoto kupunguza kucheza, usingoje asubuhi. Hata baada ya kujifungua endelea kumwangalia, kwa sababu hii hali inaweza kuja wiki kadhaa baadaye. Na kama amewahi kuipata, mimba ijayo aende mapema kabisa amwambie daktari, maana kuna aspirini ya kiwango kidogo ambayo huanzishwa karibu wiki ya 12 kupunguza hatari. Asijinunulie tu dukani.

Kuna mjamzito kwenu? Mpigie leo. Umuulize: mara ya mwisho presha ilikuwa ngapi, na ilikuwa lini? Kama hajui, mtafutie mashine kabla jua lizame.