Kopo la Dawa la Mususa

Atokaye Beni kwenda Butembo hushika njia ya kusini, mwendo wa kilomita 55 hivi, na kadiri aendavyo ndivyo hewa izidivyo kuwa ya baridi. Joto la bonde la Semliki hubaki nyuma, vilima husongamana, na mikaratusi husimama kando ya njia. Sisi tulifika asubuhi, maji ya mvua ya usiku yakiwa bado yatiririka mferejini, tukapanda pikipiki mpaka Mususa, mojawapo ya komuni nne za mji. Nyingine ni Kimemi, Vulamba na Bulengera. Dereva wetu alikuwa kijana mwenye adabu, lakini kwenye matope ya mteremko aliendesha kana kwamba roho zetu mbili ni mali yake peke yake.

Mji wa Butembo ulianza kama kituo cha kampuni ya madini ya MGL katika miaka ya 1920. Leo ni mji wa wafanya biashara, nao wenyeji wana sifa ya kujijengea mambo yao bila kungoja mkono wa mtu mwingine. Katika maghala yake hupita kahawa, tena magome ya mti wa kwinini yanayovunwa vilimani. Tulipoyaona magunia hayo tulikumbuka jambo la ajabu kidogo: nchi hii huwapelekea watu wa mbali magome ya kutengenezea dawa, kisha huletewa vidonge ndani ya visanduku vyenye maandishi ambayo wazee wake hawawezi kuyasoma.

Nasi safari yetu ilikuwa ni kwa ajili ya mzee mmoja wa namna hiyo. Ni baba mkubwa wetu, aliyepita miaka 80, fundi wa matofali zamani zake. Nyumba yake ya matofali ya kuchoma, aliyoijenga kwa mikono yake, ipo juu ya kilima, ua wake umefagiwa vizuri, migomba nyuma, na paa lina kioo kidogo cha umeme wa jua. Humo anakaa na mwanawe, mkwewe na wajukuu. Tulimkuta ameketi barazani, blanketi mabegani, akatupokea kwa furaha. Lakini tulikuwa tumekuja kwa sababu ya habari mbaya iliyotufikia mwezi wa Oktoba, na kabla ya kula tukaomba tuonyeshwe kopo la dawa.

Kopo lenyewe lilikuwa la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na vidonge vya shinikizo la damu, vya kisukari, vya maumivu ya magoti, na vingine vilivyofungwa katika kikaratasi bila jina. Mjukuu wake, mwanafunzi wa shule ya sekondari, ndiye aliyekuwa mwangalizi. Alikuwa na daftari la shule lililopigwa mistari kwa rula: siku upande huu, dawa upande ule, na alama ya tiki katika kila chumba. Daftari safi kabisa. Sisi walimu tungalilisahihisha kwa kalamu nyekundu na kumpa alama zote.

Basi, siku moja ya Oktoba, alfajiri, mkwe alimkuta mzee amelowa jasho, mikono ikitetemeka, akinena maneno yasiyo na maana. Kwa kuwa aliweza bado kumeza, mama huyo alimpa maji yenye sukari nyingi, na baada ya muda mzee akarudiwa na akili. Wakambeba mpaka kituo cha afya. Mwuguzi akamimina kopo lote mezani. Akachukua visanduku viwili, kimoja kimeandikwa Daonil, kingine glibenclamide, akauliza: «Hivi viwili anavinywa vyote?» Wakajibu ndiyo, kila asubuhi. Ndipo walipoelezwa ya kuwa hiyo ni dawa moja yenye majina mawili, moja la kiwanda na moja la dawa yenyewe. Kisanduku cha kwanza kilitoka kwa mganga. Cha pili kilinunuliwa na mwana mwingine, kwa moyo mwema, katika farmasi ya mjini. Mzee alikuwa akimeza maradufu. Tena dawa hiyo hukaa mwilini kwa muda mrefu, na katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani imeandikwa kwamba haiwafai watu waliopita miaka 60.

Mwuguzi akauliza swali la pili: amemeza maradufu kwa siku ngapi? Wakaleta daftari. Nalo lilijaa tiki mpaka mwisho wa juma, hata siku ambazo zilikuwa bado hazijapambazuka. Kijana, ili asichelewe shuleni, alikuwa akipiga alama zote siku ya Jumapili jioni. Kwa hiyo daftari lilisema kwamba mzee amekwisha kunywa dawa za keshokutwa.

Msimcheke kijana huyo, wasomaji wapenzi. Kosa hilo hilo la kuandika kabla ya kutenda, au baadaye sana kwa kukumbuka-kumbuka, limewasumbua wauguzi wa hospitali kubwa na wa nyumba za wazee katika nchi zenye mali. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba makosa ya dawa huugharimu ulimwengu dola bilioni 42 kila mwaka. Kule Australia, Tume ya Kifalme iliyochunguza malezi ya wazee ilitoa taarifa yake ya mwisho mwaka 2021, na kati ya mashauri yake mengi lilikuwamo hili: kwamba nyumba za wazee zitumie kompyuta katika kuangalia dawa.

Kompyuta hiyo yafanya kazi namna gani? Mganga huandika dawa mara moja, nayo huonekana kwake, kwa mwenye farmasi na kwa mwuguzi aliye kitandani, pamoja na picha ya mzee ili asije akapewa wa chumba cha pili. Dawa moja ikiletwa kwa majina mawili, mashine yaweza kuonya, kwa maana hulinganisha dawa yenyewe, si jina la kisanduku. Mzee akikataa, mwuguzi huandika kwamba amekataa. Na mwuguzi agusapo kioo kusema «amemeza», saa huandikwa na mashine yenyewe. Tiki ya keshokutwa haipatikani kwa urahisi.

Mtu wa Butembo asidhani kwamba hayo ni mambo ya Wazungu tu. Yeye anakumbuka Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kuisha tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imeua watu 2,287. Anajua kwamba kitu kilichoingia mahali pa wagonjwa wa Ebola hakitoki ovyo, hata karatasi. Katika hospitali ya Ebola ya Kerry Town, huko Sierra Leone, mwaka 2015 walitengeneza njia: wauguzi waliandika dawa katika kompyuta za kibao, na maandishi yakavuka ua bila karatasi kuvuka. Programu waliyoitumia ilijengwa juu ya OpenMRS, inayotolewa bure kwa watu wote, na mizizi yake imo Afrika yetu ya Mashariki, katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, ambako waliweka kumbukumbu za wagonjwa katika kompyuta tangu mwaka 2001.

Iko sababu nyingine, nayo yatuuma zaidi. Tangu vita viliposhika kusini mwa Lubero, na Kanyabayonga kutekwa mwezi wa Juni 2024, watu wengi wamekimbilia Butembo. Mzee akimbiaye usiku huchukua fimbo yake na mjukuu wake. Daftari la dawa hubaki chini ya godoro. Akifika kwa mwuguzi mgeni husema, «Nilikuwa nikinywa kidonge cheupe.» Vidonge vyeupe ni maelfu.

Lakini tusiisifu mashine kupita kiasi. Hufa njaa umeme ukikosekana. Ikionya mno, watu huzoea kelele yake na kuizima bila kusoma. Tena yaamini lo lote iandikiwalo: mwuguzi mwongo akigusa kioo huku kidonge kimo mfukoni, itaandika saa ya uwongo huo kwa usahihi kabisa.

Nyumbani kwa baba mkubwa hakuna kompyuta. Iko simu moja ya kijana, inayopata nguvu kutoka kwa kile kioo cha paa. Mganga alikwisha kubadili dawa ya kisukari na kuondoa vile vya kikaratasi. Kijana amepiga picha ya kila kisanduku, na mtu ye yote wa ukoo hana ruhusa ya kununua kidonge kabla ya picha hizo kuonyeshwa kwa mwuguzi. Yule mwana mwenye moyo mwema alikasirika kwanza, akidai ananyimwa haki ya kumtunza baba yake, sasa ametulia.

Saa kumi na mbili jioni simu ililia ndani ya nyumba. Kijana akaja na kikombe cha maji na kidonge kimoja kiganjani. Alikuwa tayari ameshika simu kwa mkono wa pili, kidole juu ya kioo.

«Ngoja,» baba mkubwa akamwambia. Akameza taratibu, akanywa maji yote, akafungua kinywa wazi mbele yetu wageni pasipo haya. «Sasa andika.»

Ikaandikwa saa kumi na mbili na dakika nne. Mvua ilikuwa imeanza tena, na huko chini dereva wetu alikuwa akipiga honi.