Vua Sweta, Acha Neti

Ukitaka kujua wewe na mwenzio mnaelewana kiasi gani, nendeni Ifakara mwezi wa Januari na mtoto wa miezi minne. Joto la Bonde la Kilombero si mchezo, jamani. Milima ya Udzungwa iko kule juu, nyie mko chini kwenye mashamba ya mpunga, na hewa ina unyevu kiasi kwamba jasho linagoma kukauka. Mtu mzima unalalamika. Mtoto yeye anaota vipele.

Wa kwetu alivipata siku ya pili tangu tufike kwa wazazi wa mume wangu. Vidogo, vyekundu, vimejipanga shingoni, kifuani na kwapani. Usiku analia, mchana anajinyonganyonga. Na si unazijua familia zetu, kila mtu akawa daktari. Mama mkwe alisema mtoto kapigwa na upepo, avalishwe sweta na kofia, apakwe na poda ya kutosha. Mume wangu alisema neti ndiyo inamnyima hewa, itolewe. Mimi nikasimamia langu: avuliwe nguo.

Mama mkwe akatukata kauli: "Ya sweta tutazungumza, lakini neti haitoki, wanangu. Hapa ni Ifakara."

Kwa hilo alikuwa sahihi kabisa. Mwaka 2001 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika wilaya za Kilombero na Ulanga, yakihusisha neti zenye dawa na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa kuanzia mwezi 1 hadi miaka 4. Vipele vya joto vinakera, lakini malaria inaua. Huwezi kutibu kero kwa kufungulia mlango muuaji.

Sasa vipele vyenyewe ni nini? Kwa Kiswahili fasaha vinaitwa harara. Vijitundu vya kutolea jasho vinaziba, jasho linabaki chini ya ngozi, ngozi inakasirika. Watoto wachanga hupata sana kwa sababu vijitundu vyao bado havijakomaa. Vitafute penye mikunjo na penye nguo: shingoni, mgongoni, kwapani, kwenye mpaka wa nepi. Kipele kimojamoja kikubwa mkononi au usoni, huenda ni mbu. Vikiwa katikati ya vidole, vinawasha zaidi usiku na watu wengine nyumbani wanajikuna, fikiria upele.

Dawa kubwa ni kumpoza mtoto. Muogeshe kwa maji ya uvuguvugu, mkaushe kwa kumgusagusa na taulo bila kumsugua, hasa kwenye mikunjo. Mvalishe nguo moja nyepesi ya pamba, na muda mwingine mwache bila nepi. Mafuta ya mgando yaweke kando, yanaziba ngozi. Poda nayo inagandamana na jasho, na vumbi lake si zuri kwa mapafu ya mtoto. Krimu za dukani usimpake bila ushauri wa mtaalamu. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Chini ya miezi sita maziwa ya mama yanatosha, maji ya nini? Neti ifungwe juu ili hewa izunguke, na feni kama ipo ikae nje ya neti.

Ukifanya hivyo, kwa kawaida vinapungua ndani ya siku chache. Vikitoa usaha, vikizidi kuenea, au mtoto akigoma kunyonya na kulegea, nenda hospitali. Na hili lishike sana: harara haileti homa. Kipimajoto kikisoma nyuzi 37.5 au zaidi, usiseme "ni joto tu la huku." Mpeleke akapimwe malaria siku hiyo hiyo. Homa yenye vipele vilivyoanzia usoni, macho mekundu na kikohozi inaweza kuwa surua, nayo haisubiri.

Bado mama mkwe na sweta lake. Hapo, mwenzangu, mwachie mwenye mama yake. Asubuhi mume wangu alimwendea: "Shikamoo mama. Neti imebaki kama ulivyosema. Ila sweta tuliache kwanza, mpaka vipele vikauke." Alianza na pale mama alipokuwa sahihi, na hilo ndilo lililofungua mlango. Mama akacheka, akasema sisi wa mjini tuna mambo, kisha akaenda mwenyewe kuleta beseni la maji. Siku ya nne shingo ya mjukuu wake ilikuwa laini.

Nimejifunza kwamba kwenye malezi, kila mtu ndani ya nyumba huja na nusu ya jibu. Kazi ya wawili ni kuchagua nusu ipi ya nani, bila kumvunjia mtu heshima. Mtoto akishalala, neti chomekeni chini ya godoro pande zote nne. Ubishi mwingine hamishieni sebuleni.