Hedifoni Kali Siyo Inayopiga Kelele Zaidi: Yaliyomkuta Kijana wa Vuga

Vijana wengi wa mjini wanachagua hedifoni kama wanavyochagua raba: rangi, jina, na nani mwingine anazo. Muuzaji akiweka singeli na besi ikagonga hadi kwenye taya, biashara imeisha, hela inatoka. Kijana mmoja wa Vuga, kule milima ya Usambara mkoani Tanga, alichagua hivyo hivyo kwa miaka minne aliyokaa Dar. Leo ana miaka 25 na sikio lake la kushoto lina mlio usiozimika.

Dar alikuwa anauza vifaa vya simu Kariakoo, dukani kwa mtu. Eafoni za elfu tano zilikuwa zinapita mikononi mwake kila siku, kwa hiyo zake zikifa alikuwa anachukua nyingine tu. Asubuhi kwenye daladala konda anagonga bodi, honi zinalia, redio ya dereva iko juu. Dawa yake ilikuwa moja: kuongeza sauti mpaka mwisho ili ashinde kelele za nje. Mchana kuna jenereta la jirani. Usiku gemu na washkaji, kisha muvi za kutafsiriwa, kisha analala nazo masikioni. Hakuna siku aliyosikia maumivu. Na hapo ndipo pabaya, kwa sababu sikio haliumi wakati linaharibika. Jino likioza linakuamsha usiku, sikio linaondoka kimya kimya.

Mwaka jana alirudi nyumbani. Baba yake alikuwa anaumwa mgongo, na shamba la viazi na kabichi likakosa mtu. Sasa, usiku wa Vuga haufanani na usiku wa Manzese. Ukungu ukishuka na watu wakiingia ndani, panakuwa kimya kabisa. Usiku wa kwanza alisikia nyenje wanalia, akaona ni kawaida ya mlimani. Akafunga dirisha, nyenje wakaendelea. Akaziba masikio kwa vidole, nyenje wakazidi. Ndipo akaelewa kwamba nyenje hawako nje. Mlio ule alikuwa nao siku nyingi, ila Dar ilikuwa inaufunika kwa kelele zake.

Jambo la pili liligunduliwa na bibi yake. Huyo bibi anaongea taratibu, na jioni akikaa jikoni anapenda kuwasimulia wajukuu habari za Mbegha, yule mwindaji ambaye masimulizi ya Wasambaa yanamtaja kuwa ndiye mwanzo wa Wakilindi, watawala waliokuwa na makao yao hapo hapo Vuga. Wenzake wakicheka, yeye anabaki kuuliza, "Eti nini, bibi?" Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano. Siku moja bibi akamwambia, "Mjukuu wangu, mzee ni mimi, mbona masikio umezeeka wewe?" Jiko zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka.

Alipokwenda hospitali, kipimo chenyewe kilifanyika kwa hedifoni. Unavalishwa, sauti nyembamba na nene zinapigwa moja moja, unanyoosha mkono ukisikia. Kuna zile nyembamba alizokuwa anaona mtaalamu ameacha kupiga, kumbe zinapigwa na yeye hasikii. Akaelezwa kwamba ndani ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vidogo sana vinavyopokea mtikisiko wa sauti. Kelele kubwa kwa muda mrefu zinaziua, na kwa binadamu seli hizo haziotei tena. Zinazotangulia kufa ni zile za sauti nyembamba, na humo ndimo zilimo herufi kama s, f na sh. Ndiyo maana alikuwa anasikia kwamba bibi anaongea, ila maneno yenyewe yanampita.

Akapewa pia hesabu inayotumiwa na Shirika la Afya Duniani. Sauti ya desibeli 80 mtu anaweza kuisikiliza saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, muda unashuka hadi saa 4 kwa wiki. Siyo kwa siku, kwa wiki! Kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda nusu. Yeye alikuwa anamaliza hizo saa 4 kabla ya Jumatatu kuisha. Wala hayuko peke yake, maana shirika hilo hilo linasema vijana zaidi ya bilioni moja duniani, wenye miaka 12 hadi 35, wako kwenye hatari ya kuharibu masikio kwa usikilizaji wa namna hii.

Wengi wangetegemea baada ya hapo angetupa hedifoni zote. Hakutupa. Muziki anaupenda, gemu anacheza, muvi anaangalia. Alichobadilisha ni swali. Zamani swali lilikuwa, zinapiga kiasi gani? Sasa likawa, zinaniruhusu kupunguza sauti kiasi gani na bado nikafurahi? Na binamu yake, dogo aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana na hana kazi nyingine zaidi ya Free Fire, naye alikuwa anataka hedifoni. Wakaamua kuchanga hela za viazi na kutafuta pamoja.

Jambo la kwanza walilojifunza ni kwamba hedifoni inachaguliwa kufuatana na kelele za mahali utakapoivalia. Aliye kwenye daladala au anayekaa jirani na jenereta anahitaji kitu kinachozuia kelele za nje: eafoni zenye sponji au mpira unaoziba tundu vizuri, au hedifoni kubwa zilizofunikwa nyuma. Kelele za nje zikipungua, mkono wenyewe unashusha sauti. Kuna pia zile zinazoua kelele kwa umeme, ambazo wazo lake linahusishwa na Amar Bose aliyekerwa na mngurumo wa ndege akiwa safarini kutoka Zurich mwaka 1978. Zina maiki ndogo inayosikia mngurumo, kisha zinatengeneza sauti kinyume chake. Ni nzuri kwa injini na feni, ila zisitegemewe kumfuta konda anayepiga kelele za ghafla.

Vuga mambo ni tofauti. Hakuna mngurumo wa kuzuia, kuna watu wa kuwasikia. Mama anaita kutoka shambani, mvua inaanza na mahindi yameanikwa, mgeni anabisha hodi. Kulipia teknolojia ya kuua kelele mahali pasipo na kelele ni sawa na kununua feni ukiwa Lushoto mwezi wa saba. Kwa mtu wa huko, hedifoni nyepesi zisizoziba sana zinatosha, na hela inayobaki inanunua mbegu.

Jambo la pili ni matumizi. Kwa muziki, vijana wengi wanatafuta besi, na kweli singeli bila besi haichezeki. Lakini besi ikizidi inafunika sauti ya mwimbaji na vyombo vya katikati, na hapo mtu anaongeza sauti ili asikie maneno, anarudi kule kule. Namba za kwenye boksi nazo zisimpumbaze mtu. Karibu kila boksi limeandikwa 20 Hz hadi 20,000 Hz, ambao ndio upeo wa sikio la binadamu mwenye usikivu mzima, na haielezi kama hizo sauti zinatoka kwa usawa au zinatoka ovyo. Namba yenye maana kwa mwenye simu ni ile ya omu. Omu 16 hadi 32 simu inazisukuma bila shida. Beyerdynamic DT 770 Pro, kwa mfano, zimetengenezwa za omu 32, 80 na 250. Anayechomeka za 250 kwenye simu atapata sauti ndogo na atadhani ameuziwa feki.

Kwa muvi, cha kwanza ni maneno. Anayeangalia muvi za kutafsiriwa anajua kwamba utamu wote uko kwa mtafsiri, na sauti ya mtu inakaa katikati, siyo kwenye besi. Cha pili ni uzito, kwa sababu muvi ni saa mbili. Hedifoni inayobana inachomesha masikio na kuacha alama kichwani, na dukani hilo halionekani kwa kuvaa dakika moja.

Kwa gemu, hapo dogo alikuwa mwalimu. Kwenye Free Fire au PUBG Mobile kinachookoa maisha ni kujua nyayo zinatoka kushoto au kulia, tena zinakuja lini. Bluetooth ya kawaida inachelewesha sauti, na ucheleweshaji huo unaweza kufika milisekunde 200 au hata zaidi. Kwenye muziki hauonekani, na kwenye muvi programu nyingi zinaurekebisha. Kwenye gemu, adui anakuwa ameshakupiga ndipo unasikia mlango. Kwa hiyo dogo alitaka waya, na kama simu haina tundu la waya basi adapta ya kuchomeka kwenye tundu la chaji, au zile za hewani zinazokuja na kipokezi chake cha kuchomeka. Maandishi ya "7.1" kwenye boksi hayakumsumbua. Kwa hedifoni nyingi hiyo ni programu inayoigiza spika saba, wakati masikio ni mawili tu.

Siku ya kununua walishuka hadi Mombo, wakapanda basi kwenda Tanga mjini. Muuzaji wa kwanza akafanya kile wanachofanya wote, akaweka wimbo wake wenye besi na kupandisha sauti. Kijana akamwomba achomeke simu yake mwenyewe. Ndani ya simu hiyo kulikuwa na vitu vitatu: wimbo anaoujua neno kwa neno, kipande cha muvi, na rekodi ya dakika nne aliyomrekodi bibi jikoni akisimulia habari za Mbegha. Sauti akaiweka nusu, halafu akasikiliza bibi.

Muuzaji alishangaa. Lakini hakuna kipimo kingemfaa zaidi. Hedifoni ya kwanza, yenye taa za rangi na bei kubwa, ilimfanya bibi aongee kama yuko ndani ya pipa. Ya pili ilikuwa na kelele ya ssss. Ya tatu ilikuwa nyeusi, ya waya, haina mbwembwe, na maneno ya bibi yakatoka moja moja, hata ile sehemu ya katikati ambayo jikoni ilikuwa inampita. Bei elfu hamsini na tano. Kabla ya kulipa wakageuza waya sehemu zote kuona kama sauti inakatika, wakahakikisha kushoto ni kushoto na kulia ni kulia, wakasoma jina kwenye boksi herufi kwa herufi, kwa sababu feki nyingi zinakosea hapo, na wakaomba risiti. Dogo akachukua nyingine kama hiyo yenye maiki.

Binamu yao mkubwa, anayeendesha bodaboda kati ya Soni na Vuga, alipoziona naye akataka. Alikatazwa na wote. Kuanzia Mombo hadi Soni barabara ina kona kali, upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde, na anayekuja mbele mara nyingi unamjua kwa honi kabla hujamwona. Hedifoni nzuri kuliko zote duniani ni mbaya ikiwa kwenye masikio ya dereva wa kona zile. Alinuna siku mbili, kisha akakubali kusikiliza akiwa kijiweni, pikipiki imezimwa.

Mlio haujaondoka, na aliambiwa unaweza usiondoke. Usiku anaweka redio kwa sauti ya chini ili kimya kisimzidi. Simu yake ameiwekea kikomo isipite asilimia 60 ya sauti, na kila baada ya saa moja anavua. Miezi ya mwanzo aliona muziki umepoa. Baada ya muda sikio likazoea, na akaanza kusikia vyombo ndani ya nyimbo za zamani ambavyo hakuwahi kujua vimo. Jikoni amehamia upande mwingine wa kigoda, ili bibi akae kulia kwake.

Aliyeko Dar, Arusha au Mwanza, asiye na Vuga ya kumpima, anaweza kujipima usiku wa leo. Azime feni, azime simu, atulie dakika tano kwenye chumba kimya. Akisikia nyenje wakati nje hakuna nyenje, asikimbilie dukani kutafuta hedifoni mpya. Aanze na hospitali, apimwe masikio, hedifoni zitamsubiri.