Vifaa Vitatu Begini, Kariakoo hadi Kagunga

Ukisimama Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kila muuzaji atakutajia kamera na GB. Hatakuambia simu hiyo itakuwaje usiku ndani ya behewa, umeshapita Tabora, chaji inaelekea kuisha na ndugu zako Kigoma wanangoja kusikia umefika wapi. Hilo ndilo nililotaka kujua. Nikapanga begini Samsung Galaxy A15 ya laini mbili, iPhone 13 ya mtumba, na kishikwambi cha inchi 8.7 kinachoingia laini, nikaondoka.

Hadi Dodoma hakuna kifaa kilichopata taabu. Treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria hadi huko mwaka 2024, hukimbia kilomita 160 kwa saa, na ukiingia kwenye mahandaki baada ya Kilosa mtandao hukata kwa wote, wa simu ghali na wa simu rahisi. Mwendo ule huilazimisha simu kuhama mnara hadi mnara, na kutafuta mnara kunakula chaji kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwenye mpango wa kusoma tu na aweke simu kwenye hali ya ndege, atafika na chaji yake.

Kuanzia Dodoma nilipanda treni ya reli ya zamani ya kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914. Huku ndiko vifaa vinakojulikana. Betri ya A15 ni mAh 5,000, ya iPhone 13 ni mAh 3,240. Namba hizo hazisemi yote, kwa kuwa kioo cha iPhone ni kidogo zaidi na programu zake hubana matumizi vizuri, lakini kwenye safari ya kulala njiani ile akiba ya A15 unaiona waziwazi. Kubwa zaidi ni chaja. Swali linalopita kwenye korido ya behewa zima ni moja: "Una Taipu C?" Mwenye nayo huazimwa na kuazima. iPhone 13 bado inatumia tundu la Lightning. Apple waliliacha kuanzia iPhone 15 mwaka 2023, wakati sheria ya Umoja wa Ulaya ya chaja ya aina moja ilikuwa imeshapitishwa. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya Wazungu imemfaa abiria wa Urambo na Kaliua, naye ana haki ya kuifurahia.

Kijana mmoja wa Uvinza alikuwa na Tecno Spark. Alitupiga picha watu watatu chini ya taa hafifu ya behewa, na nyuso zetu zikatoka nyeusi, safi, macho yanaonekana. Si bahati. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, yenye Tecno, Infinix na itel, ilijenga soko lake Afrika kwa kurekebisha kamera zifae ngozi nyeusi, kuweka laini zaidi ya moja na betri inayokaa. Nilipiga picha ileile kwa iPhone. Rangi zilikuwa za asili zaidi, na video yake haitikisiki hata treni ikiyumba. Kwa mtu anayeishi kwa kupiga video za harusi, sioni sababu ya kumshauri simu nyingine. Lakini picha zote mbili zilipokwenda kwa jamaa kupitia WhatsApp zilibanwa, na tofauti iliyobaki ni ndogo mno kwa bei iliyolipwa.

Kishikwambi nilikuwa nakiona mzigo hadi alipoketi mbele yangu mwalimu wa sekondari. Alikuwa na chake, kati ya vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 na baadaye vikagawiwa kwa walimu. Alifungua kitabu cha hisabati, ukurasa mzima wenye mchoro wa duara na tanjenti zake, ukasomeka bila kusukumwa huku na huku.

"Shikamoo mwalimu," mtoto wa jirani akamwamkia, kisha akasogea.

"Marahaba mwanangu. Njoo uone."

Tukawa vichwa vitatu juu ya kioo kimoja. Nikafungua ukurasa wa namna hiyo kwenye simu: ukikuza mchoro unapoteza maelezo yake, ukirudi kwenye maelezo mchoro umekwenda. Watengenezaji hupigia debe vishikwambi kwa sinema na michezo. Kwetu, ambako darasa zima linaweza kugawana kitabu kimoja, nafasi yake ni shuleni na nyumbani kwa watoto. Kwa kazi nyingine hakinishawishi. Baadaye, juani ziwani, kioo chake cha LCD sikukisoma, huku kile cha AMOLED cha A15 kikisomeka nikikikinga kwa kiganja.

Nilipofika Kigoma, mwalo wa Kibirizi ulinionyesha mshindani ambaye sikuwa naye begini. Wanawake wanaonunua dagaa wengi wao hushika kiswaswadu, simu ya batani. Pesa inaingia, ujumbe unasomwa, *150*00# inabonyezwa, mzigo unapakiwa. Menyu hiyo ya pesa haihitaji bando wala intaneti, na simu ikidondoka kwenye mchanga wenye magamba inafutwa kwa khanga, kazi inaendelea.

Boti ya kwenda Kagunga hupita Gombe ikielekea mpaka wa Burundi. Karibu na mwisho wa safari simu zote mbili zilikamata mtandao wa ng'ambo na saa zikarudi nyuma kwa saa nzima, kwa kuwa Burundi iko nyuma yetu kwa saa moja. Mwenye kuwahi boti ya kurudi azime mpangilio wa saa wa kujiendesha, na azuie data ya ugenini kabla bando halijamalizwa na mnara wa nchi nyingine.

Jibu kamili nililipata kwa fundi wa Mwanga, mjini Kigoma. Mezani ana blowa, bisibisi na vioo ndani ya maboksi: Tecno, Infinix, itel, Samsung za A. Kioo cha iPhone huagiza Dar, kinakuja na basi, na kikiwa si halisi simu yenyewe hutoa ujumbe wa kusema hivyo. Kwa upande mwingine iPhone 13, ya mwaka 2021, bado inapata iOS mpya, na A15 imeahidiwa miaka mitano ya masasisho ya usalama. Kwa mtu anayenunua mara moja kwa miaka mingi, hayo ni mambo mazito kuliko idadi ya kamera.

Kwa anayeishi mbali na Dar, chaguo langu ni simu ya bei ya kati ya laini mbili, ambayo kioo chake kiko kwa fundi wa mji wako, na kiswaswadu pembeni kwa ajili ya pesa. Uwezo ukiruhusu, ongeza kishikwambi kwa watoto kabla hujaiwazia simu ghali zaidi. Na kabla hujalipa popote, bonyeza *#06#, linganisha namba ya IMEI na iliyo kwenye boksi, kisha itume kwenda 15090 ujibiwe kama simu ni halali. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walizima simu bandia Juni 2016, na waliopoteza fedha zao siku ile ni walionunua bila kuhakiki.