Kaseti Iliyopanda Nyanda za Juu

Mwaka 1998 Joseph Mbilinyi, kijana wa Mbeya aliyekuwa akijiita 2-Proud, alitoa kaseti aliyoiita Niite Mr. II. Ndani yake mlikuwamo utungo uitwao Hali Halisi, na utungo huo ndio ulioketisha jamvi moja watu waliokuwa hawasalimiani: vijana wa vijiweni, na wazee walioutaja muziki wa kufokafoka kwa kukunja uso.

Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuingia katika fani hiyo. Saleh Jabir alikijaribu mwaka 1991 juu ya midundo ya Wamarekani, na Mbilinyi mwenyewe alikuwa na kanda sokoni tangu 1995. Jipya lilikuwa mwendo. Katika Hali Halisi maneno hayakimbii. Yanatamkwa moja moja, kama ya mtu atoaye ushahidi. Anataja polisi, jela na ukata kuwa jirani za kila siku za kijana, na wanasiasa kuwa watu wa ahadi. Mzee asiyejua lolote la Marekani aliyafahamu yote, na kijana wa kijiweni hakuona kwamba amesalitiwa.

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia hupita chini ya mlima wa Iringa, ikashika Mafinga na Makambako hadi Mbeya. Mchele wa Kyela na Mbarali huteremkia pwani kwa njia hiyo. Kaseti nazo zilipanda, zikichezwa mabasini. Huko wengi walilelewa kwa Kihehe, Kisafwa au Kinyakyusa kabla ya Kiswahili. Sisi wa pwani tumezoea kuicheka lafudhi ya bara, na kicheko hicho kimetuchelewesha kusikia mengi.

Atakayehesabu mizani ataona kasoro, na hatakuwa mwongo. Mishororo haina urefu mmoja, vina vya kati havipo. Lakini wanazuoni wanapomsifu Muyaka bin Haji wa Mombasa kwamba aliutoa ushairi msikitini akaufikisha sokoni, hawamsifu kwa mizani. Na soko la Mbilinyi lilikuwa gumu zaidi: wasambazaji wa kaseti walimlipa msanii kwa mkupuo, na mauzo yakabaki siri yao. Ugomvi wake juu ya haki za wasanii ulidumu miaka mingi.

Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake, na kifungoni akaitunga Sauti ya Dhiki. Kwa Mbilinyi utungo ulitangulia. Mwaka 2010 watu wa Mbeya Mjini walimpeleka Bungeni, wakamrudisha 2015. Februari 2018, miaka ishirini baada ya Hali Halisi, alihukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa maneno aliyoyasema juu ya Rais katika mkutano wa hadhara, akatoka Mei. Gereza lilikuwa la Ruanda, mjini Mbeya, ndani ya jimbo lake mwenyewe.